Namna ya kumtafuta rafiki wa zamani unaposafiri nje ya nchi msimu wa sikukuu

Tiketi imeshakatwa, ruhusa ya kazini umepata, na katika miji utakayopita kuna mmoja anakoishi mtu mliyepotezana miaka mingi. Hamkugombana. Mmoja alihama, mwingine akabadilisha namba, majukumu yakaongezeka, simu zikapungua mpaka zikakoma. Sasa unajiuliza umtafute au uache.

Mtafute. Nasema hivyo nikijua kwamba wengi huishia kusita, na kwamba wanaojitokeza nao mara nyingi huharibu jambo kwa kuomba vibaya. Rafiki anapokea ujumbe wa furaha lakini hajui anaombwa nini: nusu saa ya mazungumzo, au kitanda cha wiki mbili? Akishindwa kujua, hukaa kimya. Kwa hiyo hatua zote zilizo hapa chini zinazunguka jambo moja: omba kidogo, omba kwa uwazi, na umwachie rafiki nafasi ya kukataa bila aibu.

Hatua ya 1: Chagua wachache

Usiwaandikie wote unaowakumbuka. Siku za likizo huisha upesi, na kukutana na watu sita kwa haraka haraka kunakuchosha wewe na hakumshibishi yeyote kati yao. Mtu mmoja kwa mji mmoja anatosha, wawili wakizidi.

Kipimo ninachokiamini ni hiki: je, ungependa kukaa na mtu huyu saa mbili hata kama angekuwa hana msaada wowote kwako? Kama jibu ni ndiyo, mweke kwenye orodha. Kama unamfikiria kwa sababu anaishi mji wa gharama na ana chumba cha ziada, mwache kwanza.

Waliotengana kwa ugomvi au deni ni habari nyingine. Hao wapigie simu kabla ya safari, myamalize, ndipo mzungumzie kuonana. Na kama ni mtu mliyewahi kupendana, mwenzi wako wa sasa ajue mapema, kutoka kinywani mwako.

Hatua ya 2: Soma kalenda ya huko kabla ya kupanga yako

Likizo yako si lazima iwe likizo yake. Wewe unaweza kuwa na wiki mbili huru huku yeye akiwa zamu hospitalini au dukani, na msimu huo ndio wenye kazi nyingi kwake.

Angalia pia usafiri. Tarehe 25 Desemba jijini London treni za chini ya ardhi na mabasi ya kawaida hayafanyi kazi, hivyo anayekuahidi "nitakuja Krismasi" bila gari amekuahidi jambo gumu. Hispania sikukuu haziishi tarehe 1 Januari. Tarehe 6 Januari nayo ni siku kubwa ya familia. Ethiopia na Urusi, Krismasi ya Waorthodoksi huangukia tarehe 7 Januari. Australia na nchi nyingine za kusini mwa dunia, Desemba na Januari ni kiangazi na shule zimefungwa, kwa hiyo rafiki anaweza kuwa ameondoka mjini na watoto. Marekani, Alhamisi ya nne ya Novemba ni sikukuu ya Shukrani, na viwanja vya ndege hujaa kabla na baada yake. Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Idi hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka kwenye kalenda ya kawaida, kwa hiyo tarehe ya mwaka jana haikusaidii.

Kwa wanaosherehekea Krismasi, siku nzuri za kuonana ni zile za katikati, kati ya tarehe 27 na 30 Desemba. Wageni wa familia wamepungua, mkesha wa mwaka mpya haujafika, na wengi bado hawajarudi kazini.

Hatua ya 3: Mpate, na kwanza ujue habari zake

Anza na rafiki mnayefahamiana naye wote wawili. Usimwombe namba. Mwombe afikishe yako: "Mwambie ningependa kumsalimu, akiona vema anitafute." Hapo huyo wa kati hatoi namba ya mtu bila idhini, na rafiki yako anaamua mwenyewe.

Huyo wa kati ana faida nyingine kubwa, na wengi hawaitumii. Muulize yaliyompata rafiki katika miaka mliyopotezana. Kuna msiba? Ndoa imevunjika? Kuna ugonjwa? Huhitaji maelezo yote, unahitaji tu kutojikwaa. Kumwandikia mtu "mama hajambo?" wakati mama alishafariki kunaumiza, naye atalazimika kukufariji wewe uliyeuliza. Ukijua mapema, unaanza na pole, na pole iliyochelewa miaka mitatu bado ni pole.

Kama hakuna mtu wa kati, jaribu namba ya zamani kwa tahadhari. Kampuni za simu humpa mtu mwingine namba iliyoachwa kwa muda mrefu, kwa hiyo ujumbe wa kwanza uwe mfupi usio na siri: "Habari, hii bado ni namba ya fulani?" Ukiandika WhatsApp na alama ya tiki ikabaki moja kwa siku kadhaa, ujumbe haujafika kwenye simu yake, usikasirike ukidhani amekupuuza. Kwenye Facebook na Instagram, ujumbe kutoka kwa mtu asiye kwenye orodha ya marafiki huenda kwenye sehemu ya maombi, na wengi hawaifungui kwa miezi. Tuma ombi la urafiki pia ili aone jina lako.

Ukijibiwa, pigianeni simu hata dakika tano, ikiwezekana ya video, kabla ya kutaja unapofikia au kukubaliana jambo lolote la pesa. Akaunti za watu huibwa, na mwizi hujibu kwa uchangamfu kuliko mwenye akaunti.

Hatua ya 4: Andika ujumbe wa kwanza

Hapa ndipo watu wanapokwama. Mwaka 2024 watafiti Lara Aknin na Gillian Sandstrom walichapisha matokeo ya majaribio yao: washiriki walikuwa na rafiki wa zamani wanayetaka kuwasiliana naye, walikuwa na mawasiliano yake, waliamini angefurahi, tena walipewa muda papo hapo wa kuandika. Hata hivyo, chini ya theluthi moja ndio waliotuma. Walionekana kumwona rafiki wa zamani kama mgeni kabisa. Kilichosaidia ni mazoezi mepesi: kwa dakika chache waliwaandikia kwanza marafiki wa sasa, kisha wakamgeukia yule wa zamani, na idadi ya waliotuma ikapanda sana. Fanya hivyo. Kaa kitini, wasalimu watu wawili watatu unaozungumza nao kila wiki, vidole vikishachangamka mwandikie huyo.

Kuna utafiti mwingine wa kutia moyo, wa mwaka 2022, ulioongozwa na Peggy Liu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Anayetuma salamu hudhani thamani ya salamu hizo ni ndogo kuliko anavyoiona anayezipokea, na mpokeaji huthamini zaidi pale salamu zinapomjia bila kutarajia. Ukimya wa miaka unaokutia hofu ndio unaozipa salamu zako uzito.

Mwandikie wiki tatu au nne kabla ya safari. Mapema zaidi atasahau, na ukichelewa ratiba yake itakuwa imejaa. Ujumbe wenyewe uwe kama hivi:

"Habari za siku nyingi, ndugu yangu. Ni mimi, yule uliyekaa naye dawati moja, ukawa unanifundisha hesabu kwenye ngazi za maktaba. Namba yako nimepewa na dada yako baada ya kukuuliza. Nimekukumbuka sana. Nitakuwa mjini kwenu tarehe 27 hadi 30 Desemba, na pa kulala nimeshapata. Ningefurahi tukikaa hata saa moja, tarehe 28 au 29 mchana, mahali popote palipo karibu nawe. Kama mambo yamekubana hakuna neno, hata tukisalimiana kwa simu nitafurahi."

Tazama kilichomo. Amejitambulisha kwa kumbukumbu wanayoijua wao wawili tu, hivyo mwenzake hana haja ya kubahatisha. Amesema namba kaipata wapi. Ametaja tarehe. Amesema ana pa kulala, na sentensi hiyo fupi inaondoa hofu kubwa kuliko zote. Ameomba saa moja. Mwisho amefungua mlango wa kukataa, tena kwa namna inayobakiza heshima kwa pande zote mbili.

Sasa tazama kisichokuwemo. Hakuna "Unanikumbuka?", maana hilo ni mtihani na mtu huona haya kushindwa. Hakuna lawama za "ulinitupa". Hakuna maelezo marefu ya kwa nini ulinyamaza; mstari mmoja wa "tulipotezana, na mimi nilichangia" unatosha kama unakusumbua moyoni. Na usitume ujumbe wa sauti wa dakika saba kwa mtu ambaye hajakusikia miaka kumi. Huenda yuko kwenye basi.

Hatua ya 5: Akinyamaza

Subiri wiki moja, kisha mkumbushe mara moja kwa maneno machache. Ukifika mjini unaweza kumwambia "nimefika salama, nipo hadi tarehe 30". Baada ya hapo acha. Usimpigie mke wake, usiende mlangoni kwake. Mtu anaweza kuwa anauguza, au yuko katika hali asiyotaka ionekane. Salamu zako amezipata, na anaweza kuzijibu mwezi wa tatu.

Hatua ya 6: Malazi na viza viwe mbali na urafiki

Msimamo wangu hapa ni mkali: usimwombe malazi rafiki mliyepotezana. Akikukaribisha mwenyewe, kubali kwa siku moja au mbili, ukiwa na mahali pengine pa kwenda. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwenyeji wa ughaibuni mara nyingi anaishi katika chumba kidogo, analala kwa zamu, na mkataba wake wa nyumba unaweza kukataza wageni wa kulala. Atakubali kwa aibu, na utakuwa umetumia urafiki wote kwa usiku mmoja.

Viza ni zaidi. Ufaransa, mgeni wa ziara fupi anayefikia nyumbani kwa mtu hutakiwa kuwa na hati ya mapokezi, na anayeiomba ni mwenyeji mwenyewe, kwenye ofisi ya manispaa, akionyesha nyaraka za makazi na kipato. Ujerumani mwenyeji anaweza kutakiwa kutia saini ahadi ya kubeba gharama za mgeni, na saini hiyo inambana kisheria. Mambo hayo huombwa kwa ndugu wa karibu, baada ya mazungumzo marefu. Weka nafasi ya hoteli au nyumba ya wageni, uombe viza kwa nyaraka zako.

Kwa nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipungue siku 15 kabla. Novemba foleni huwa ndefu, kwa hiyo usingoje. Ziara fupi haizidi siku 90 ndani ya kila siku 180. Kagua na pasipoti, kwani nchi nyingi hutaka iwe na uhai wa miezi sita au zaidi.

Neno moja kuhusu mizigo. Watu wakisikia unaonana na fulani, watakuletea vifurushi umpelekee. Usibebe kitu kilichofungwa ambacho hukukiona kikifungwa, hata kikitoka kwa mama yake. Kifungueni pamoja. Na zawadi za kula zichunguze kwanza: Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kutoka nje kuingiza nyama wala maziwa, isipokuwa kwa nchi chache.

Hatua ya 7: Pangeni siku, saa na mahali

Andika saa kwa mtindo wa saa 24. Ukimwandikia "tuonane saa tisa" mtu aliyeishi nje miaka mingi, anaweza kuelewa 15:00 au 9:00, na mmoja wenu atasubiri peke yake kwenye baridi. Andika "Jumapili tarehe 28, 15:00 saa za huko". Usipige hesabu ya tofauti ya saa kwa kumbukumbu ya safari ya kiangazi, kwani Ulaya hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na sehemu kubwa ya Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba.

Usipange kuonana siku unayotua. Mwili uliovuka kanda nyingi za saa huchukua siku kadhaa kuzoea, na wengi huumia zaidi wakisafiri kuelekea mashariki. Siku ya pili au ya tatu, mchana, utakuwa na akili ya kusikiliza. Kaskazini mwa Ulaya mchana ni mfupi sana Desemba. Stockholm jua huzama kabla ya 15:00. Kwa hiyo kutembea bustanini kufanyike mapema, na jioni mkae ndani.

Mahali pawe karibu na kwake, kwa sababu wewe uko likizo na yeye yuko kwenye maisha yake. Mkahawa tulivu unafaa. Makumbusho pia yanafaa, hasa kama mnaogopa ukimya, maana macho yakiwa na cha kutazama mdomo hupumzika. Kelele za muziki ziepukeni. Muulize kama atakuja peke yake au na familia, ili ujipange. Akileta watoto mazungumzo mazito hayatafanyika, na hilo si kosa.

Kuhusu malipo, sema mapema: "Hii ni ya kwangu." Wewe ndiye uliyeomba. Akisisitiza kulipa, mwachie, usivutane naye mbele ya mhudumu.

Kabla ya kutoka ulikofikia, andika anwani ya mahali hapo kwenye karatasi au ipige picha ya skrini. Laini yako inaweza kukosa mtandao ukivuka mpaka, na intaneti ya uwanja wa ndege haikufuati mjini.

Hatua ya 8: Mkikutana

Robo saa ya kwanza huwa ya kigeni. Mtakumbatiana, mtacheka, mtasema "hujabadilika", kisha kutakuwa na ukimya. Usiogope, na usiujaze kwa kusimulia mafanikio yako. Toa picha ya zamani, ya karatasi ukiweza, uiweke mezani katikati yenu. Utaona anaisogeza karibu, anaweka kidole kwenye uso wa mtu wa mstari wa nyuma na kuuliza, "Huyu yuko wapi siku hizi?" Hapo mazungumzo yameanza yenyewe, nawe hujamhoji.

Kuna maswali ya kuacha mpaka ayaanzishe yeye. Anapata mshahara gani. Makaratasi yake ya ukaazi yakoje. Kwa nini hajaoa au hajazaa. Lini atarudi. Anayeishi mbali huulizwa hayo kila anapopokea simu, na amekuja kwako akitumaini kupumzika nayo. Muulize siku yake ya kawaida inavyokwenda: anaamka saa ngapi, anapita njia gani kwenda kazini, nani alimpokea siku ya kwanza alipofika mji ule. Maswali madogo hivyo hufungua mambo makubwa, kama mtu anataka kuyafungua.

Utagundua amebadilika. Huenda imani yake imebadilika, au siasa zake, au anazungumza taratibu kuliko zamani. Usimrudishe kwa nguvu kuwa kijana uliyemjua. Mwambie na wewe jambo moja la kweli lililokuwa gumu katika miaka hiyo, si orodha ya vyeo. Ukitanguliza wewe, naye atapata ujasiri wa kusema lake.

Ukimwona katika hali ngumu, usishtuke waziwazi wala kutoa noti mfukoni mbele ya watu. Mtulize, msikilize. La msaada lizungumzeni kesho yake kwa simu, akiwa amelala na heshima yake.

Picha pigeni, lakini muulize kabla ya kuirusha mtandaoni. Wapo wasiotaka ijulikane wanaishi wapi au wamefananaje sasa, na sababu zao wanazijua wenyewe.

Saa uliyoomba ikiisha, sema: "Nilikuomba saa moja, na imepita. Kama una pa kwenda, usijizuie." Akibaki, amebaki kwa hiari. Mara nyingi hubaki.

Hatua ya 9: Baada ya hapo

Usiku huohuo, au kesho yake asubuhi, mtumie picha na mstari mmoja wa kitu alichokisema kilichokugusa. "Asante kwa muda wako" ni maneno ya ofisini. Andika "ile habari ya mwanao na baiskeli bado inanichekesha". Kama uliahidi namba ya mtu, itume kabla hujapanda ndege, maana nyumbani utakuta kazi zimerundikana.

Msiahidiane kupigiana kila wiki. Mtashindwa, na aibu ya kushindwa ndiyo itakayowanyamazisha tena. Chagueni kitu chepesi chenye tarehe: siku yake ya kuzaliwa, au mwezi mwanawe anapofanya mtihani. Iweke kwenye kalenda ya simu papo hapo, mkiwa bado mmekaa.

Na wale ambao hukupata nafasi ya kuwaona mjini humo, waandikie wewe kabla hawajaziona picha: "Nilipita kwenu kwa siku tatu, muda haukutosha, nikija tena utakuwa wa kwanza kujua." Kisha ukija tena, iwe hivyo kweli.